Ngozi Iliyokwenda Kazi Thika

Mwezi uliopita kijana mmoja wa pale Kiganjo, anayeosha magari kando ya barabara, aliniambia kuwa gari langu limezeeka kunishinda. Nikamwambia hilo haliwezekani, nimehesabu. Lakini boneti ilikuwa imepauka kweli, nyekundu yake imekuwa kama tofali, na mjukuu wangu alikuwa ameapa kwamba hatapelekwa nalo harusini. Tukaanza maneno ya bei.

"Cucu, kwa hiyo pesa nitafanya mlango mmoja tu," akasema.

"Basi fanya huo mmoja niuone. Ukinipendeza tutaongea habari ya ile mingine mitatu."

Nimeuza nguo soko la Thika miaka mingi kuliko umri wa mama yake, kwa hiyo alicheka, akainama. Akatoa mashine ya mkononi, akaivisha kofia ya manyoya, akapaka dawa, akawasha. Haikuchukua muda, harufu ikaja: mafuta ya taa, vumbi la rangi, na sufu ya kondoo iliyopata joto. Nilijikuta nimekaa juu ya ndoo yake bila kukaribishwa. Kijana akazima mashine akaniangalia kwa wasiwasi. Nafikiri aliona ni mbinu mpya ya kushusha bei.

"Endelea tu," nikamwambia. "Kuna mtu namkumbuka."

Kusema kweli walikuwa watu wawili, na kondoo wawili.

Baba yangu alikuwa mtu wa kurudishia magari rangi, wakati ambapo watu wetu hawakuwa na magari ya kurudishiwa. Alifanya kazi Thika, katika gereji ya mabati nyuma ya maduka, ya Mhindi mmoja mnene mpole ambaye kila mtu alimwita Bai. Sisi tulikaa Gitothua, kule Ruiru, katika zile nyumba za udongo zilizopangwa kwa mistari na serikali ya wakoloni wakati wa Hali ya Hatari. Ninyi wa rika langu mnazijua, sina haja ya kuzieleza sana: mlango wako unatazama mgongo wa nyumba ya jirani, na askari anajua umepika nini kabla hujapakua. Pasi ya Baba, ile karatasi ya ruhusa, iliruhusu mtu mmoja kulala Thika, kitanda kimoja, basi. Alikuja kwa baiskeli Jumamosi saa saba mchana na kuondoka Jumapili saa kumi, ili afike kabla ya kafyu. Kila wiki ni saa ishirini na saba. Nilizihesabu mara nyingi nikitumaini nimekosea.

Nyumbani tulikuwa watatu: Mama, mimi, na Cucu, yaani bibi yangu, mama yake Baba. Jina langu ni Nyambura na Cucu naye alikuwa Nyambura, maana kwetu binti wa kwanza humrudisha mama wa babake. Kwa sababu hiyo Baba hakuniita kwa jina. Aliniita Maitu, yaani mama yangu, na hakunipiga hata siku moja, kwa kuwa nani atamchapa mama yake? Mama, ambaye hakuwa na kizuizi hicho, alinichapa kwa niaba ya wote wawili.

Likizo moja Baba aliombewa na Bai kibali cha kunichukua Thika wiki nzima. Ndipo nilipoiona mashine. Ilikuwa imetoka Uingereza ndani ya sanduku la mbao, nzito kama mtoto wa miaka miwili, tumbo lake la chuma linalong'aa, na waya mweusi uliokwenda mpaka kwenye stima ukutani. Kabla yake Baba alikuwa akisugua magari kwa kitambaa na mkono, siku nne gari moja, na bega lake la kulia lilikuwa kubwa kuliko la kushoto. Mashine ilikuja na kofia mbili za ngozi ya kondoo, manyoya nje, kamba ya kukazia ikizunguka pembeni kama ya mfuko wa tumbaku. Moja ilikuwa imeshakwisha manyoya. Iliyobaki ilifanya kazi yote.

Baba aligawa gari katika miraba ya kukadiria kwa macho. Alipaka dawa ya kukata, uji wa kijivu wenye mchanga laini sana, akaweka kofia juu ya rangi kabla ya kuwasha, si baada, kwa sababu ukiwasha hewani uji wote unakurudia usoni. Kisha akaiacha mashine itembee kwa uzito wake. Juu na chini, halafu kushoto na kulia, bila kusimama. Kwenye kona na kwenye ule mgongo mwembamba wa boneti alibandika utepe, mahali hapo akamalizia kwa mkono. Rangi kwenye mgongo ni nyembamba kama ngozi ya kope, alisema, na mashine ikikaa hapo sekunde mbili inakula mpaka rangi ya chini inachungulia, na hakuna kuirudisha.

"Maitu, kazi yako ni kuhesabu," akaniambia. "Kila mraba mara nne. Nikifika mara nne piga kelele. Nikienda ya tano, piga kelele zaidi."

"Na nikikosea?"

"Hesabu mara mbili ndiyo usikosee."

Nilihesabu. Gari lililokuwa jeupe kama lililopakwa majivu lilianza kuwa jeusi mbele ya macho yangu, jeusi lenye kina, mpaka nikaona balbu ya dari ndani ya mlango. Sikuelewa. Hakuna aliyepaka rangi mpya. Baba hakuwa na kopo, hakuwa na brashi.

"Baba, mng'ao unatoka wapi?"

Alikuwa na haraka na alikuwa na furaha, na mtu mwenye mambo hayo mawili hujibu chochote. "Kwa kondoo, Maitu. Mng'ao wote unatoka kwa kondoo."

Nilikuwa na miaka minane. Nililichukua jibu hilo kama mtu anavyochukua chenji: nikaliangalia pande zote mbili, nikaliona sawa, nikaweka mfukoni. Kondoo ana mng'ao ndani yake. Ukimsugua juu ya gari, mng'ao unahama. Rangi chafu inayobaki kwenye manyoya ni uzee wa gari, umehamia kwa kondoo. Walibadilishana. Ilikuwa biashara ya haki kabisa.

Basi sasa nieleze habari ya kondoo wa pili. Cucu alilala juu ya ngozi. Haikuwa ya kondoo wetu hawa wenye manyoya mafupi kama ya mbuzi. Ilikuwa ya kondoo dume wa kizungu, sufu nene ya kuzamisha vidole mpaka fundo la pili. Guka, mume wake, alikuwa mchungaji wa kondoo katika shamba la mzungu huko Bonde la Ufa, na dume hilo lilipovunjika mguu yeye ndiye aliyeambiwa alichinje. Nyama ilikwenda kwa mzungu. Guka aliomba ngozi. Aliilainisha kwa mikono yake mwezi mzima, akampa mkewe, na mwaka uliofuata akafa. Watu wetu walipofukuzwa kutoka mashamba yale, Cucu aliingizwa kwenye treni na kile alichoweza kubeba. Aliacha sufuria. Alibeba ngozi. Katika nyumba ile yetu ya Gitothua hapakuwa na kitu kingine chochote kilichowahi kuguswa na mkono wa Guka, ila Baba mwenyewe.

Ile sufu ilikuwa nzuri pembeni tu. Katikati, mahali nyonga ya Cucu ilipolala miaka yote hiyo, manyoya yalikuwa yamekwisha na ngozi ilikuwa imesuguliwa mpaka ikang'aa kama kiatu cha diwani. Kumbukeni mahali hapo.

Jumamosi ninayoizungumzia Baba alifika na gunia dogo nyuma ya baiskeli. Alikuwa hajanywa chai bado akaanza kueleza. Kuna gari la buluu, la memsabu mmoja, mama wa kizungu wa shamba la kahawa, na Bai amemwahidi kuwa Jumatatu saa nane mchana litakuwa tayari. Upande wa kushoto umekwisha, unang'aa kama maji. Upande wa kulia bado.

"Liko kama mtu aliyenyolewa nusu," akasema, "na kofia imejaa rangi, haikati tena. Nimekuja nayo ioshwe, ikauke kesho. Kwa Bai hakuna maji ya kutosha hata ya kunawa."

"Na hiyo ikiharibika?" Mama akauliza. Mama alikuwa mtu wa kuuliza hivyo.

"Ikiharibika hakuna nyingine. Wameagiza, haijafika. Bai ni mtu mzuri, lakini huyo memsabu ameshawafukuzisha kazi watu wawili kwa mafundi wengine kwa neno moja. Nikiondolewa pale, pasi inakwenda na kazi." Akapuliza chai. "Na pasi ikienda, sijui watatupeleka wapi. Ioshwe kwa maji baridi na sabuni kidogo."

Nawaambia ukweli, nilisikia habari ya pasi vizuri sana. Ndiyo iliyoniogopesha. Habari ya maji baridi nayo niliisikia, lakini kidogo.

Baba alikwenda kusaidia kuezeka jiko la kanisa, Cucu akaenda naye kuwasimamia, na Mama akaniachia beseni. "Ioshe wewe, uliyekaa nayo wiki nzima Thika. Mimi naenda foleni ya maji."

Niliiosha. Maji ya kwanza yalitoka buluu. Ya pili buluu. Nilifika maji ya saba, nikahesabu tena, saba, na bado buluu ilikuwa inatoka, nami nikawaza: uzee wote wa gari la memsabu umo humu, na usipotoka, mng'ao wa kondoo hautapata njia. Overoli ya Baba ilipokataa kutakata Mama aliichemsha na magadi. Kwa hiyo nikaweka sufuria motoni.

Wenzangu mliowahi kutia ngozi katika maji yanayochemka mnajua kilichotokea, na ambao hamjawahi, msijaribu. Nilipoiopoa kwa mwiko, kofia iliyokuwa ikijaa sahani ilikuwa kitu kigumu, kimejikunja, ukubwa wa ndazi la bei rahisi. Nilijaribu kuivuta. Ikakatika kipande.

Jioni ile Baba aliuliza, "Maitu, kofia yangu inaendeleaje?"

"Inakauka."

Haikuwa uongo kamili. Ilikuwa inakauka, nyuma ya kuni, ndani ya kopo. Mama aliniangalia muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda, kisha Baba akaanza kusimulia habari za Bai na mbwa wake, wakacheka wote, nami nikacheka baada yao. Usiku wote nilihesabu. Saa ishirini na saba, zimebaki ishirini. Zimebaki kumi na mbili.

Asubuhi nikajifanya naumwa tumbo. Mama alinishika paji la uso, akasema tumbo haliko huko lakini nibaki, wakaenda kanisani wote watatu. Walipopotea kwenye kona ya mstari wetu nikachukua kisu cha Baba cha kukatia mpira wa baiskeli, sahani ya bati, na kipande cha mkaa, nikaenda kwenye kitanda cha Cucu.

Nataka muelewe kwamba nilifikiri. Sikukurupuka. Niliitazama ngozi yote nikapima. Pembeni palikuwa na manyoya mazito, lakini makavu, hayana mwanga. Katikati palikuwa na mng'ao wenyewe, umekusanyika miaka yote, hata usihitaji kusuguliwa ili uuone. Kama mng'ao unatoka kwa kondoo, basi huyu alikuwa amekwisha kuutoa nje, unangoja tu kuchukuliwa. Niliweka sahani katikati kabisa. Nikachora. Nikakata.

Ilikuwa ngumu, nikatumia mikono miwili. Nilipomaliza nilikiinua kile kiduara mbele ya dirisha, nikafurahi kama mtu aliyenunua kwa nusu bei. Kisha nikatazama kitandani. Ngozi ilikuwa imelala pale na mbao za kitanda zinaonekana katikati yake, mbili na nusu. Nikahesabu tena. Mbili na nusu.

Cucu ndiye aliyetangulia kuingia, kwa kuwa Mama na Baba walisimama njiani kusalimiana na watu. Alivua kitambaa cha kichwa. Akaniona na kisu. Akaona kitanda. Alikaa juu ya kigoda chake, akavuta ngozi magotini, akapitisha mkono kwenye tundu mpaka kiwiko, akautazama mkono wake upande wa pili kama ni wa mtu mwingine.

"Umepima na nini?" akauliza mwishowe.

"Na sahani, Cucu."

"Ya nani?"

"Yako."

"Mm." Akautoa mkono. "Angalau hukuharibu ya mtu mwingine."

Ndipo nikalia, na katikati ya kulia nikamwambia yote, maji saba, magadi, ndazi, memsabu, pasi, na mng'ao wa kondoo. Nilipofika hapo kwa mng'ao aliinua uso.

"Nani alikwambia hivyo?"

"Baba."

"Basi kajitakia mwenyewe," akasema Cucu. "Sasa nyamaza, wanakuja. Wacha nisikie atasema nini."

Baba aliingia akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti yake ya nne, ile nzito, akakatiza katikati ya mstari. Cucu alimweleza kwa maneno machache sana, na mimi nikaleta kopo la nyuma ya kuni kama ushahidi. Baba alilitoa lile ndazi, akaligeuza. Akakichukua kile kiduara changu, akapitisha kidole juu yake.

"Maitu," akasema, taratibu kabisa. "Hiki hakina hata unyoya mmoja. Kinachofanya kazi ni manyoya."

"Lakini kinang'aa."

Alifungua mdomo kunijibu akaona mwenyewe jibu lilikotoka, akaufunga. Mama alikuwa tayari ananitafutia fimbo mlangoni. "Mwache," Baba akasema. "Mwache. Ni maneno yangu aliyofuata." Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, na koti lake la kanisani. Sikuwahi kumwona akikaa sakafuni. "Kesho nitamwambia Bai imeungua. Atafanya atakachofanya."

"Na mkono?" Mama akauliza. "Si ulikuwa unafanya kwa mkono?"

"Siku nne. Na mlango uliofanywa kwa mkono utakaa karibu na uliofanywa kwa mashine, hata kipofu ataona."

Nje watoto wa jirani walikuwa wanacheza, nikawachukia.

"Kamau," Cucu akamwita Baba, "hii pembeni ina manyoya?"

"Hapana, Mama."

"Nimekuuliza ina manyoya, sijakuuliza kama unataka."

"Hiyo ni ngozi ya Baba yangu. Aliilainisha kwa mikono yake. Siwezi kuikata nikasugulie gari la mzungu. Afadhali nifukuzwe."

"Afadhali ufukuzwe."

"Ndiyo."

"Tupelekwe tusikokujua, sote wanne, na ngozi yenye tundu."

"Mama, mimi sikati."

Aliposema vile nilijua ni kweli. Baba alikuwa mtu wa kupindika kirahisi kwa mambo madogo, na kwa yale machache makubwa alikuwa ukuta. Mama alijua pia, maana aliiweka fimbo chini. Nilimtazama Cucu, nikaona anafanya kile ambacho baadaye nimekiona kwa wauzaji wazuri tu sokoni: aliacha kusukuma. Akaegemea nyuma, akavuta tumbaku yake, akaangalia dari.

"Basi tuulizane pole pole," akasema. "Hii ngozi Guka alimpa nani?"

"Wewe."

"Mimi ni nani?"

"Mama, hii si..."

"Jina langu."

"Nyambura."

"Guka alimpa Nyambura. Na huyu hapa mwenye makamasi ni nani?"

Baba alikwisha kuona anakopelekwa.

"Mwite, nisikie."

"Nyambura," akasema Baba. Ilikuwa mara ya kwanza kunitaja kwa jina.

"Basi ngozi ni ya Nyambura, na Nyambura mwenyewe ameikata, asubuhi, akiwa na akili zake. Ulipomrudisha kwa jina hukumrudisha kwa mchezo. Mwenye mali ameanza kukata mali yake. Wewe ni nani wa kumwambia asimalize?" Akaninyooshea kisu, mpini ukiwa upande wangu. "Haya, mwenzangu. Hapa pembeni, penye sufu. Na safari hii uliza fundi kabla hujakata."

Nilimtazama Baba. Alikuwa amefunika uso kwa kiganja na mabega yanatikisika, na mpaka leo sina hakika kama alikuwa analia au anacheka. Alipoutoa mkono macho yalikuwa mekundu lakini mdomo ulikuwa unacheka.

"Sahani ni kubwa kidogo," akasema. "Ni nzuri. Inabaki ya kukunja. Usiikate kutoka upande wa manyoya, Maitu, utayanyoa. Igeuze. Kata ngozi tu, kwa ncha."

Nilikata mimi. Yeye alishika ngozi ikazwe, lakini kisu hakukigusa, na Cucu hakumwomba akiguse. Mama ndiye aliyetoboa matundu kwa sindano ya gunia, nikahesabu matundu ishirini na manne, nikarudia, ishirini na manne, na Cucu akapitisha uzi wa katani alioupaka nta ya mshumaa. Saa tisa na nusu kofia ilikuwa tayari. Baba aliiweka ndani ya shati, si kwenye gunia, akapanda baiskeli.

Yaliyotokea Jumatatu nilisimuliwa Jumamosi iliyofuata, na Baba aliyasimulia mara mbili kwa sababu nilimwomba. Manyoya yalikuwa marefu mno. Alipowasha mashine yaliruka yakajaa gereji kama kuku anayenyonyolewa, mengine yakatua kwenye ndevu za Bai.

"Kamau! Veve nachinja nini humu?"

"Hakuna kitu, Bai. Ni sufu mpya."

Aliyakata kwa mkasi, akayachana kwa chanuo la chuma, akajaribu tena kwenye mlango wa nyuma. Ikakata. Ilikata, alisema, kama maziwa. Alihesabu mwenyewe, mara nne kila mraba, na kwa kuwa sikuwepo wa kupiga kelele alihesabu kwa sauti. Saa nane memsabu alifika, akazunguka gari kuanzia kushoto, akafika mbele, akaendelea kulia, akasimama pale ambapo tofauti ingepaswa kuonekana. Akainama. Akarekebisha kofia yake akijitazama mlangoni, akaingia, akaondoka. Hakusema hata asante, na Baba alisema hajawahi kusikia kimya kizuri kama kile.

"Hii sufu umetoa vapi?" Bai akamwuliza.

"Nyumbani. Ni ya mama yangu."

"Mama yako na miaka ngapi?"

"Mmoja ana minane, Bai. Mwingine hajui."

Bai alimwambia aende akapumzike kidogo kivulini, jua limempiga kichwani.

Jumamosi hiyo Baba alirudi na kofia, imejaa rangi, na safari hii Cucu mwenyewe ndiye aliyeiosha, kwa maji baridi, mimi nikitazama kwa mbali kama mhalifu anayejua sheria. Aliipiga kwenye jiwe, akaichana, akaitundika kwenye upepo mchana wote. Jioni, Mama alipowasha taa, Cucu aliishusha. Ilikuwa na unyevu kidogo bado. Alilegeza kamba, akaifungua ikawa duara, akaenda nayo kitandani. Akaitandaza kwenye lile tundu la katikati. Tuliipima na sahani ile ile, kwa hiyo ilikaa sawasawa, ila kwamba palipokuwa pamekwisha manyoya sasa palikuwa na sufu, nyeupe yenye buluu. Akalala juu yake, akajisogeza mpaka nyonga ikapata mahali pake.

Alifanya hivyo kila Jumamosi. Siku nyingine zote alilala na tundu, na Jumapili alasiri aliitoa kofia, akaikaza kamba, akampa mwanawe mlangoni.

Lakini jioni ile ya kwanza Mama alimwambia atashikwa na kifua, na Baba akacheka, akauliza, "Mama, utalalaje na kitu hicho? Kinanuka mafuta ya taa na gereji nzima."

Cucu alikuwa amekwisha kufumba macho.

"Mume wangu katoka kazini," akasema. "Ulitaka anuke nini? Muulize mkeo kama wewe unanukia."